Kabla ya Kuongeza Kilo, Tujifunze Kunyanyua

Katika jimu ninayofanyia mazoezi hapa Dar es Salaam, swali la kwanza ambalo vijana huulizana ni "unabeba ngapi?", na sijapata kumsikia hata mmoja akiulizwa anabebaje. Naliona swali hilo kuwa chanzo cha maumivu mengi ya kiuno na mabega ambayo tumezoea kuyahesabu kuwa sehemu ya mazoezi. Maoni yangu ni kwamba anayetaka kusonga mbele katika kunyanyua vyuma hana budi kurudi nyuma kwanza: apunguze uzito, abaki na kiasi anachoweza kukitawala tangu chuma kinapoondoka sakafuni hadi kinaporudishwa, na akae na kiasi hicho kwa wiki kadhaa bila kuona aibu.

Nasema hivyo kwa sababu yalinikuta. Nilikuwa nimefikia kilo 140 katika zoezi la kunyanyua chuma kutoka chini, ambalo wengi huliita dedilifti, na wenzangu walikuwa wakinishangilia. Jioni moja, chuma kikiwa kimefika usawa wa magoti, nilihisi kama uzi umekatika upande wa kushoto wa kiuno, na kwa siku kumi zilizofuata sikuweza kuinama hata kufunga kamba za viatu. Niliporudi nilianza na chuma kitupu cha kilo 20, nikamwomba mwenzangu anirekodi kwa simu kutoka ubavuni, akiishika simu usawa wa nyonga. Video hiyo ya sekunde chache ilinifundisha mambo ambayo miaka miwili ya kujitazama kwenye kioo cha mbele haikunifundisha. Chuma kilikuwa kimekaa juu ya vidole vya miguu badala ya katikati ya unyayo. Nyonga zilipanda kabla ya kifua. Magoti yakawa yamekwisha kunyooka kabla chuma hakijavuka muundi, na kazi yote iliyobaki ikaangukia kiuno.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Uti wa mgongo hufanya kazi kama wenzo, na mzigo unapokaa mbali na mwili hulemea zaidi hata kama kilo hazijaongezeka. Chuma kilichokuwa sentimita 30 mbele ya nyonga kikisogea hadi sentimita 40, mzigo wake kwenye misuli ya kiuno huongezeka kwa theluthi nzima, na mnyanyuaji hudhani kuwa siku hiyo ameamka bila nguvu. Makuli wa sokoni Kariakoo wanalijua hili bila kufundishwa na mtu. Mtazame mmoja wao akiokota gunia la mchele: hulivuta kwanza hadi ligusane na mapaja, ndipo anaposimama. Nasi tukisimama chuma kikiwa juu ya katikati ya unyayo, tukakibana kwa kukaza misuli ya kwapa, kikapanda kikiwa karibu kugusa miguu, tutakuwa tumefanya kama yeye.

Naim Süleymanoğlu wa Uturuki, katika Olimpiki ya Seoul ya mwaka 1988, alinyanyua kilo 190 hadi juu ya kichwa akishindana katika kundi la kilo 60, yaani zaidi ya mara tatu ya uzito wake mwenyewe. Nguvu alikuwa nazo, hilo halina ubishi, lakini mtu mdogo kiasi kile hawezi kusimama na mzigo kama huo ukiwa umempotea hata kidogo mbele ya mwili.

Kuna kasoro nyingine ambayo si ya mnyanyuaji bali ya vifaa, na sioni ikizungumzwa. Sahani za mashindano, yaani vile vyuma vya duara vya uzito vinavyovishwa kwenye ncha za chuma, zina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo katikati ya chuma hukaa sentimita 22.5 kutoka sakafuni, na maelekezo mengi ya zoezi hili hutolewa kwa kudhani kimo hicho. Katika jimu zetu nyingi sahani ni ndogo. Sahani ya sentimita 30 hukiweka chuma kwenye sentimita 15 tu, na anayekifuata huko chini, hasa mrefu mwenye nyonga ngumu, hulazimika kuupinda mgongo kabla hata hajaanza kuvuta. Vijana wanaofanya mazoezi uani kwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege wana tatizo jingine. Kopo la lita 4 lililojaa hukaribia kilo 10, lakini mchanganyiko hautoki sawa, kopo moja hushiba na jingine hupungua, na bomba likielemea upande mmoja mwili hujipinda kuufuata. Nawaheshimu sana vijana hao, na ninachowaomba ni kupeleka makopo kwenye mizani ya muuza nafaka kabla ya kuyachomeka kwenye bomba.

Kuhusu pumzi nitasema kwa ufupi. Vuta hewa hadi ishuke tumboni, kaza tumbo kama mtu anayetarajia kusukumwa, nyanyua, kisha toa hewa sehemu ngumu ikishapita. Mwenye shinikizo la damu amwone daktari kwanza. Mkanda wa kiunoni humsaidia anayejua kukaza tumbo, kwa kuwa humpa kitu cha kusukumia, na asiyejua haumsaidii.

Kusukuma chuma juu ya kichwa ukiwa umesimama nako kuna historia inayofaa kukumbukwa. Hadi Olimpiki ya Munich ya mwaka 1972 zoezi hilo lilikuwa miongoni mwa matatu ya mashindano, kisha likaondolewa, kwa sababu wanyanyuaji walikuwa wakijipinda nyuma kiasi kwamba waamuzi walishindwa kukubaliana ni lipi halali. Kujipinda kule kule nakuona kila Jumatatu jimuni, na hakuna mwamuzi wa kukukataza. Ndiyo maana nasisitiza video: seti moja kila siku ya mazoezi, itazamwe papo hapo, na lirekebishwe kosa moja tu kabla ya kwenda kwenye jingine.

Kwa wenye jimu nina ombi moja lisilo na gharama kubwa. Mwiteni seremala awakatie mbao mbili pana, zenye unene wa sentimita 7 au 8, ziwekwe chini ya sahani ndogo kila upande. Sisi tulizipata baada ya kuchangishana, na tangu siku ya kwanza zilipowekwa, kijana mrefu kuliko wote pale jimuni, ambaye kila mara alikuwa akianza akiwa amekunja mgongo, aliweza kukishika chuma kifua kikiwa juu na mgongo umenyooka, kwa kilo zile zile.