Asiuze kiwanja cha Pongwe kwa ajili ya digrii ya uhasibu Marekani

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, simu yangu huku Ohio haitulii. Wanapiga kutoka kwetu Tanga, mara mzazi wa Chumbageni, mara wa Mabawa, na juzi binamu yangu wa Pongwe: mtoto kapata daraja la kwanza ECA (uchumi, biashara na uhasibu), anataka uhasibu, je, aje huko? Binamu anafikiria hata kuuza kiwanja. Mimi uhasibu nimeusomea hapa hapa, na jibu langu ni kwamba kama mtoto anafuata uhasibu wenyewe, abaki nyumbani.

Debiti na krediti hazibadiliki ukivuka bahari. Mtoto wa ECA anakuja akiwa ameshafunga hesabu za ubia na kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki. Katika darasa la kwanza la uhasibu nilikaa na wenzangu ambao hawajawahi kuona urari wa hesabu, ikawa jioni nawafundisha mimi, malipo yangu pizza.

Kinacholipiwa hapa ni kitu kingine. Digrii ni yuniti 120 kwa miaka minne, na katika vyuo vya masomo mapana, kama nilichosoma mimi, sehemu kubwa ya yuniti hizo haigusi hesabu za fedha kabisa. Nimesoma falsafa, historia, uandishi, biolojia na hata muziki. Kwetu digrii ya uhasibu kwa kawaida ni miaka mitatu, na uchaguzi ulishafanyika kidato cha tano: ukiingia ECA, biolojia umeshaiaga. Mwaka 2024 tahasusi, yaani michanganyo ya masomo kama ECA, ziliongezwa hadi 65. Sawa, lakini mtoto bado anachagua moja.

Nitoe mfano wa mkonge, maana ndio unaonifanya nisidharau hayo masomo mengine. Babu yangu alikata mkonge, na harufu ya korona, ile mashine ya kutoa nyuzi za mkonge, naijua tangu utotoni. Lakini ni katika darasa la historia, Ohio, ndipo nilipojua kwamba miche iliyoanzisha mashamba yetu ililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, akiitoa Florida. Muhula uliofuata, kwenye uhasibu, likaja swali: mmea wa mkonge ulioko shambani unauandikaje kwenye mizania? Kwa viwango vya kimataifa, ambavyo ndivyo vinavyofuatwa Tanzania, tangu 2016 mmea unaovunwa miaka na miaka unachukuliwa kama mtambo: gharama zake unazigawa kwa miaka ya uhai wake. Majani yaliyo juu yake yanahesabiwa mbali, kwa bei ya soko ukitoa gharama za kuuza. Kabla ya hapo, mmea mzima ulipimwa kwa thamani ya soko kila mwaka, na faida ya kampuni ikapanda na kushuka wakati shambani hakuna kilichobadilika. Sasa huo uhai ni miaka mingapi? Leja haikwambii. Lazima ujue kwamba mkonge unakatwa tena na tena, na siku ukitoa mlingoti wake wa maua, ndio mwisho wake. Wenzangu walitafuta jibu kwenye kitabu. Mimi nilimpigia babu.

Na uandishi. Mwalimu wa falsafa alinirudishia insha yangu ya kwanza ikiwa safi kabisa, isipokuwa mstari mmoja wa wino wa kijani pembeni: "Anayesema hapa ni wewe au kitabu?" Nilichukia. Leo niko kwenye ukaguzi, na sehemu kubwa ya siku yangu ni kuandika: kwa nini tumeikubali namba hii, kwa nini ile tumeikataa, nani kasema na ushahidi uko wapi. Kila ripoti ya CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kule nyumbani, ikitoka, tunagombania mabilioni yaliyotajwa kwenye vichwa vya habari, na aya iliyoeleza mabilioni hayo yamepoteaje haina msomaji.

Gharama nazo zisemwe. Kwa miaka mingi, kupata CPA, leseni ya mhasibu, huku kumehitaji yuniti 150, yaani 30 juu ya zile za digrii, na kwa wengi huo ni mwaka mwingine wa ada. Wamarekani wenyewe wamechoka: Januari 2025 gavana wa Ohio alisaini sheria ya kuruhusu digrii ya kawaida pamoja na miaka miwili ya kazi. Nyumbani unamaliza digrii, unaingia kwenye mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, Mei au Novemba, huku ukiwa kazini na unakula kwenu.

Kwa hiyo binamu asiuze kiwanja. Mtoto akipata ufadhili kamili, aje, na akifika asiyakimbie masomo ya falsafa kama wanavyofanya wahasibu wengi. Asipopata, Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), Chuo cha Uhasibu Arusha na Chuo Kikuu Mzumbe wapo, na uhasibu wanaufundisha vizuri.

Kwa kuwa Mzumbe walianza kujenga kampasi Mkinga, mkoani kwetu, sisi watu wa Tanga tuna la kuwaomba. Mwaka wa kwanza, mwanafunzi wa uhasibu apelekwe duka moja la Ngamiani, akae na mwenye duka na lile daftari la madeni lenye "Mama Zuhura, unga kilo 2" na "fundi baiskeli, sukari", aulize nani atalipa mwisho wa mwezi, nani atangojea mavuno, na nani hatalipa kabisa lakini hawezi kunyimwa. Kisha aandike kurasa tatu, kwa Kiswahili, akieleza deni lipi lifutwe na kwa nini. Kurasa hizo zisahihishwe na mwalimu wa uhasibu na mwalimu wa historia, wote wawili.