Modemu na Mke wa Fundi Saa

Mwaka 2002, pale kwetu Tanga, mwenye kompyuta inayoendeshwa na Linux badala ya Windows alionewa huruma. Bahati yangu modemu, kile kisanduku cha kuingilia mtandaoni kwa laini ya simu, ilikuwa ya nje, ya kuchomekwa tundu la COM1, ambalo Linux huliita ttyS0. Nyingi za ndani hazikupumua bila Windows.

Nikaingiza kwenye wvdial, programu ya kuiamuru modemu ipige simu, namba ya mtandao kama karani wa kampuni ya intaneti alivyoniandikia kwa mkono. Simu ilikuwa huru usiku tu, na Baba hataki makelele, kwa hiyo nikaongeza amri ya M0 ili spika ya modemu inyamaze. Ikapiga. Ikasubiri karibu dakika nzima, kisha skrini ikaandika kuwa haikuisikia modemu ya upande wa pili: NO CARRIER. Ikapiga tena yenyewe, maana wvdial haina haya.

Nikaanza utaalamu. Nikaweka ttyS1, yaani tundu la pili, modemu ikawa haijibu kabisa, nikarudisha. Nikaweka amri ya X3 isingoje mlio wa laini. Nikakagua nywila kwenye faili la pap-secrets, wakati nywila haiulizwi mpaka modemu mbili zisalimiane kwanza. NO CARRIER usiku kucha.

Wiki hiyohiyo Baba akarudi kutoka barazani na habari. Rafiki yake fundi saa hapati usingizi: kila usiku simu inalia, akipokea, jitu kimya. Akikata, linapiga tena.

"Nimemwambia huyo ni hawara wa mkewe. Akinyamaza, amtukane mpaka akome."

"Kweli Baba, watu hawana adabu," nikaitikia, nikaenda zangu kuwasha modemu.

Usiku ule nikaiondoa M0 nisikie laini inasemaje. Modemu ikabofya namba, simu ikaita, halafu badala ya kile kilio cha kukwaruza cha modemu zikisalimiana, sebule yote ikajaa sauti ya mtu mzima:

"Mwanaharamu wewe! Leo sikati! Taja jina lako!"

Baba alitoka chumbani na shuka kiunoni, akainamia kile kisanduku, akategesha sikio.

"Huyu si fundi saa?"

Nikachomoa waya.

Kesho yake ile 7 ya karani ikabainika kuwa ni 1, na mtandao ukaingia bila kubembelezwa. Baba hakuja hata kuutazama. Alikuwa kibarazani, kofia mkononi, akitafuta maneno ya kumwendea mtu ambaye asubuhi ile, kwa ushauri wake mwenyewe, amempeleka mkewe kwa shehe kula yamini.