Anza na Mabomba, Diski Zitasubiri

Bomba la breki lilipasuka nikiwa uani, gari likirudi nyuma kwa mwendo wa mtu anayetembea. Pedali ilizama hadi sakafuni bila kupinga hata kidogo, na kama si breki ya mkono ningegonga ukuta. Niliposhuka nikakuta mafuta ya breki yanachuruzika karibu na gurudumu la nyuma la kushoto, pale bomba la chuma linapopita juu ya ekseli na kukusanya matope kwa zaidi ya nusu karne. Kutu ilikuwa imelila kwa nje hadi likabaki jembamba kama ganda la yai.

Kilichonitetemesha zaidi si bomba lenyewe. Wiki ileile nilikuwa nimekwisha kuagiza breki za diski za mbele, zile sahani za chuma zinazobanwa pande mbili ili gurudumu lisimame. Nilikuwa nimepima habu, nimelinganisha ukubwa wa kalipa, yaani kibanio cha diski, nimefika hata kuchagua rangi ya kuzipaka. Bomba la nyuma sikuwa nimelitazama hata mara moja.

Tangu siku hiyo nina msimamo ambao wapenzi wenzangu wa magari ya zamani hawaufurahii. Mtu anayeboresha breki mwenyewe nyumbani aanze na vile visivyoonekana: masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali), mabomba, hozi na mafuta. Diski zije baadaye, na kwa baadhi ya magari zisije kabisa. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Diski ndiyo mlango. Zinaonekana kupitia rimu, zinapigwa picha, zinasifiwa. Hakuna anayelala chini ya gari la mwenzake kusifia bomba.

Gari langu ni la mwaka 1964. Lilitoka kiwandani na dramu, yaani ngoma za chuma zinazosuguliwa na brekishuu kutoka ndani, magurudumu yote manne, na masta silinda ya mkondo mmoja, yaani mafuta ya magurudumu yote yanasukumwa kutoka chumba kimoja. Pakivuja mahali pamoja, pote pamekwisha. Masta silinda ya mikondo miwili ina pistoni mbili zinazofuatana ndani ya mwili mmoja, kila moja na mafuta yake. Mkondo mmoja ukipasuka, pedali itashuka sana na gari litachelewa kusimama, lakini litasimama. Marekani ilifanya mikondo miwili kuwa sharti la magari mapya ya abiria kuanzia Januari 1968. Magari mengi ya kabla ya hapo bado yanatembea na mkondo mmoja, na mengine yamefungwa diski za kung'aa mbele huku mafuta yote yakiendelea kutoka kwenye chumba kimoja. Hilo kwangu ni kosa kubwa. Diski haina msaada wowote kama mafuta hayaifikii.

Kubadilisha masta silinda si kufungua boliti mbili na kufunga nyingine. Kipenyo cha ndani ndicho kinachoamua mguu wako utafanya kazi gani. Ukitoka milimita 19 ukaenda 22, eneo la pistoni linaongezeka kwa karibu theluthi moja. Pedali itakuwa fupi na ngumu, na mguu utadaiwa nguvu zaidi kwa theluthi hiyo ili upate presha uliyokuwa ukiipata zamani. Watu wengi huifurahia pedali ngumu wakidhani ndiyo dalili ya breki kali, kumbe mara nyingine ni dalili kwamba wamechagua silinda kubwa mno.

Kisha kuna ile fimbo ya kusukumia pistoni. Lazima ibaki nafasi ndogo sana, kama milimita moja, kati ya fimbo na pistoni wakati mguu haujagusa pedali. Ukiinyima nafasi hiyo, pistoni hairudi hadi mwisho, kile kitundu cha kurudishia mafuta kwenye tangi kinabaki kimezibwa, na mafuta yakipata moto yanatanuka bila pa kwenda. Breki zinaanza kushika zenyewe, taratibu. Utaendesha kilomita chache, utahisi gari limekuwa zito, na ukisogeza mkono karibu na rimu utapokewa na joto.

Mabomba nilibadilisha yote, sio lile lililopasuka tu. Nilitumia aloi ya shaba na nikeli, kwa sababu hailiwi na kutu kama chuma na inakunjika kwa mkono bila kufanya mkunjo mkali. Ugumu uko kwenye midomo. Ncha ya bomba hupanuliwa ili ikae vizuri ndani ya kiungo, na kuna mitindo tofauti: ule wa kukunja mara mbili kama faneli, na ule wa kuvimba kama kitufe. Mtindo mmoja haukai kwenye kiungo kilichochongwa kwa ajili ya mwingine. Unaweza kukaza hadi spana ilie, ukadhani umeziba, siku ya kukanyaga kwa nguvu ndipo utajua. Nilikata vipande vya mazoezi vingi kuliko ninavyopenda kukumbuka kabla sijaruhusu mdomo wangu mmoja ufungwe kwenye gari. Na bomba la breki haliungwi katikati kwa viungo vya kubana vya mabomba ya maji, hata kwa safari moja ya kufika nyumbani.

Hozi za mpira ni wadanganyifu wakubwa. Kwa nje inaweza kuonekana nzima, lakini ndani mpira umevimba hadi tundu likawa kama la sindano. Ukikanyaga, presha yako inapenya. Ukiachia, mafuta hayarudi. Gurudumu linabaki limeshikwa, gari linavuta upande, na mtu anaanza kulaumu silinda ya gurudumu, kisha brekishuu, kisha beringi. Hozi zikiwa na umri usioujua, tupa. Ndicho kifaa rahisi kuliko vyote katika kazi hii na sioni sababu ya kukibembeleza.

Mafuta nayo yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani. DOT 4, daraja mojawapo la mafuta ya breki, ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Yakichemka, mvuke unajaa kwenye mabomba, na mvuke unabonyea ilhali mafuta hayabonyei. Hapo pedali inakwenda chini wakati unateremka mlima, yaani wakati unapoihitaji kuliko wakati wowote. Badilisha kila baada ya miaka miwili. DOT 5 ya silikoni usiichanganye na mengineyo, na mafuta ya injini yasikaribie kabisa tangi la breki, kwa kuwa yanavimbisha raba za ndani na kuziharibu zote kwa mpigo.

Baada ya hayo, ndiyo, tuzungumze diski. Sizichukii. Magari ya Jaguar yalishinda Le Mans mwaka 1953 yakiwa na diski za Dunlop, na Citroën DS ya mwaka 1955 ilizileta kwenye gari la kawaida la familia. Zilistahili kushinda kwa sababu ya joto. Gari la kilo 1,500 likisimama kutoka kilomita 100 kwa saa linageuza mwendo wake kuwa joto linalotosha kuchemsha lita moja na nusu ya maji ya baridi, kila unaposimama. Diski iko wazi kwa upepo. Dramu inalifungia joto ndani, na ikipata moto inatanuka na kuikimbia brekishuu. Mvua pia huitesa dramu zaidi.

Lakini kinachosimamisha gari ni tairi ikishikana na barabara. Kama breki zako za sasa, zikiwa zimerekebishwa vizuri, zinaweza kufunga magurudumu yasizunguke kwenye lami kavu, diski hazitakupunguzia umbali unaposimama mara moja tu. Zitakusaidia mara ya tano, mara ya kumi, kwenye mteremko mrefu. Anayetumia gari lake kwa mwendo wa pole mwisho wa wiki hahitaji msaada huo. Dramu zilizochongwa zikawa mviringo tena, brekishuu mpya na silinda zisizovuja zitampa gari ambalo pengine hajawahi kulijua.

Tena dramu ina kitu ambacho diski haina: brekishuu inayotangulia katika mzunguko huvutwa na dramu yenyewe, ikajikaza zaidi ya ulivyoikanyaga. Diski haijisaidii hivyo. Ukiifunga bila busta, yaani kifaa cha kuongezea mguu nguvu, au bila kupanga upya masta silinda na urefu wa pedali, utapata breki nzuri zinazohitaji mguu wa chuma. Ndiyo maana napendelea vifaa ambavyo kiwanda chenyewe kilikuja kuvitumia kwenye ndugu wa gari lako. Volkswagen Beetle 1500 ya mwaka 1966 iliuzwa Ulaya ikiwa na diski za mbele. Land Rover fupi za inchi 88 zilizokuja na dramu za inchi 10 zinaweza kupokea zile za mbele za inchi 11, zenye silinda mbili kila gurudumu, kutoka kwa ndugu yao wa inchi 109. Huko wahandisi walikwisha kupiga hesabu kwa ajili yako.

Kuhusu kazi yenyewe, nitataja machache tu. Jeki inanyanyua, stendi ndizo zinazobeba; usiingize kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Vumbi la brekishuu za zamani huenda lina asbesto, basi usilipulize kwa upepo wa kompresa, lilowanishe na ulifute. Kutoa upepo kwenye mabomba ya breki, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda isipokuwa kitabu cha gari lako kinasema vingine. Na kama ulipo kuna ukaguzi wa magari, au una bima, waeleze ulichobadilisha.

Diski zangu nilizifunga miezi kumi na moja baada ya lile bomba kupasuka. Kabla sijatoka getini nilikanyaga pedali kwa nguvu zangu zote kwa dakika nzima, kisha nikatambaa chini na tochi nikishika kila kiungo kwa karatasi kavu. Safari ya kwanza ilikuwa mita hamsini, mkono ukiwa juu ya breki ya mkono. Kwenye lami iliyolowa magurudumu ya nyuma yalifunga kabla ya yale ya mbele, na gari linaloanza kuteleza nyuma linataka kugeuka. Nimefunga vali ya kupunguzia presha ya nyuma na ninaipunguza robo mzunguko kwa kila jaribio, mahali tambarare, pasipo mtu. Jana yale ya mbele yalitangulia kwa mara ya kwanza. Kesho nitarudia nikiwa na mzigo nyuma.