Mwacheni mkaguzi afanye kazi yake

Nimejizuia nimeshindwa. Kwenye mbio zetu za magari ya zamani zilizopita mwenzetu mmoja mwenye Triumph TR3, gari ya michezo ya Kiingereza ya miaka ya 1950, kakataliwa kwenye ukaguzi asubuhi, sababu tairi la nyuma lina plei, yaani linacheza. Mkaguzi kalishika juu na chini, kalitikisa, likagonga, akamwambia hii haiingii njiani mpaka uvue habu, kile kitovu kinachobeba tairi, niione shafti. Basi kutwa nzima padoki, pale tunapoandalia magari, ikawa ndo stori, mkaguzi mnoko, mkaguzi hajui magari ya zamani, haya magari yote yana plei bwana, mtu katoa hela yake anaharibiwa siku. Na wanaoitikia ni watu ninaowaheshimu, watu ambao mikono yao inajua spana. Hicho ndo kilichoniuma zaidi.

Mi nasema mkaguzi alikuwa sahihi, tena sahihi kabisa, na yule bwana alitakiwa ampe mkono.

Tuanze na hiyo shafti maana ndo ugomvi wenyewe. TR zenye ekseli nzima nyuma, kuanzia TR2 ya 1953 mpaka TR4, habu inakaa kwenye ncha ya shafti iliyochongwa mshazari, imezuiwa na kabari na kukazwa na nati moja kubwa. Nati ikilegea kidogo tu habu inaanza kucheza pale kwenye ncha, kila ukiingia kona shafti inapindwa huku na huku, na ufa ukija unaanzia hapohapo kwenye mfereji wa kabari. Huuoni, umefunikwa na habu. Gari inavuta vizuri, inashika kona vizuri, unashuka unatabasamu, mpaka siku shafti inakatika, na kwa kuwa hakuna kingine kinachoshikilia tairi, tairi linaondoka na habu na drami yake ya breki. Drami ikishatoka, viatu vya breki havina tena cha kuvizuia, ukikanyaga pedali pistoni zinachomoka kwenye silinda, mafuta ya breki yanamwagika yote, na breki za magari haya ni laini moja, hakuna laini ya pili ya kukuokoa. Yaani umepoteza tairi, na sekunde hiyohiyo umepoteza breki za matairi matatu yaliyobaki, na kona iko mbele yako. Hicho ndo mkaguzi alichokisikia lile tairi lilipogonga. Inawezekana ni beringi tu, sawa, fungua tujue.

Jibu ninalopewa kila mara ni kwamba mbona zamani walikimbia nazo hivihivi. Hapana, hawakukimbia nazo hivihivi. TR2 ilitoka kiwandani na nguvu farasi 90, injini ya cc 1991 iliyotokana na gari ya Standard Vanguard, nduguye yuko kwenye trekta la Ferguson, injini ngumu ya kazi. Leo hakuna mtu anayekuja mbioni na farasi 90. Austin-Healey Sprite ya 1958, ile gari ndogo ya michezo ya macho ya chura, ilikuwa na cc 948 na farasi 43, sasa hivi unakuta bodi ileile ina injini ya cc 1275 au zaidi inayotoa mara mbili yake na ushee, na matairi yanayong'ang'ania lami kuliko kitu chochote walichokuwa nacho enzi hizo. Kumbuka miguu ya mbele ya hiyo Sprite ilitoka kwenye Austin A35 na stelingi ikatoka kwenye Morris Minor, magari ya mtu kwenda kazini na kurudi. Chuma kile kilichorwa kwa mizigo ile. Halafu ongeza zaidi ya miaka 60 ya mashimo, kutu, ajali zisizojulikana na mafundi wasiojulikana. Ukiongeza nguvu ya injini bila kugusa shafti, habu na ekseli za mbele, hujaandaa gari ya mbio bado.

Nawaambia nilichokiona kwa macho. Rafiki yangu mmoja ana Sprite, gari safi, injini inaimba, tukasema kabla ya msimu tuzipime zile ekseli fupi za mbele zinazobeba matairi. Tukaosha grisi yote, tukapuliza dawa nyekundu ya kupimia nyufa, tukaiacha inywe, tukafuta mpaka chuma kikabaki cheupe, halafu tukapuliza ile dawa nyeupe ya unga juu yake. Ya kushoto ikabaki nyeupe. Ya kulia, pale kwenye pembe ekseli inapokutana na mwili wake, ukajitokeza mstari mwekundu mwembamba kuliko unywele, ukawa unakua taratibu huku tunautazama, mpaka ukazunguka karibu nusu ya ekseli. Hakuna aliyesema kitu. Hiyo gari ilikuwa imekimbia msimu mzima uliopita na ilikuwa haijawahi hata kutikisika. Kwa hiyo mtu akiniambia gari yangu naijua, naisikia nikiendesha, namuuliza ufa unausikiaje?

Na hapa ndo hasira yangu inapotoka hasa. Tunaongea kama vile hatari ni yetu wenyewe, mtu mzima kachagua mchezo wake, roho yake, gari yake. Siyo. Tairi likichomoka kwenye mwendo wa mbio halikugeukii wewe, linaenda mbele, linadunda, linaruka ukuta, na nyuma ya ukuta kuna yule msimamizi wa kona mwenye bendera aliyeamka usiku aje kusimama juani bila kulipwa ili sisi tufurahi. Yeye hakuchagua nati yako. Hakuulizwa kama shafti imepimwa. Anategemea kwamba kuna mtu mmoja asubuhi ile alilishika tairi lako juu na chini akalitikisa. Huyo mtu ndo mnayemwita mnoko!

Tunaipenda sana historia ya mchezo huu, basi tuipende yote. Kwenye mbio za Le Mans, Ufaransa, 1955 Mercedes ya dereva Levegh iliigonga Austin-Healey ya dereva Macklin ikarukia watazamaji, watu zaidi ya 80 wakafa, na Uswisi ikapiga marufuku mbio za saketi kwenye nchi nzima. Ile haikuletwa na nati iliyolegea, najua. Lakini ilionyesha kwamba mchezo huu tunaucheza kwa ruhusa ya watu wasioucheza, na ruhusa inaweza kuondolewa kwa mchana mmoja. Goodwood, saketi ya Uingereza, nayo ilifungwa kwa mbio mwaka 1966, magari yameshakuwa na kasi kuliko njia yenyewe, ikakaa kimya mpaka 1998. Saketi ikifungwa haifunguki kesho yake.

Breki nazo. Jaguar walishinda Le Mans 1953 na C-Type yenye breki za diski, miaka michache baadaye TR3 ikawekewa diski mbele, kwa hiyo kila mtu anazungumzia diski, pedi, mara kalipa kubwa. Hakuna anayetaka kuzungumzia mafuta ya breki. DOT 4, daraja la mafuta ya breki linalotumika sana, ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230, ikishanyonya unyevu wa hewani kipimo chake kinashuka mpaka 155, na inanyonya hata gari ikiwa imelala gereji imefunikwa. Mafuta yakichemka ni mvuke, mvuke unabonyea, pedali inaenda mpaka chini. Na kwenye ile Sprite ya macho ya chura kuna kitu kingine, silinda kuu ya breki na ya klachi ni chombo kimoja na zinakunywa tangi moja, kwa hiyo klachi ikivuja kidogo kidogo, ambayo watu huipuuza kwa sababu ni klachi tu, ujue mafuta yanayoisha ni yaleyale ya breki. Mkaguzi akifungua kifuniko akaona kiwango kimeshuka akauliza kimeenda wapi, si unoko, anauliza swali lililo sahihi.

Rimu za spoki sitasema mengi. Gonga kila spoki kwa kijiti, inayolia ni nzima, iliyokufa sauti imelegea au imekatika. Na zile nati kubwa za katikati ya rimu, zinazokazwa kwa kupiga nyundo, zina uzi tofauti kila upande, kushoto uzi wa kawaida na kulia uzi wa kinyume, makusudi, ili tairi likizunguka nati izidi kukaza. Mtu akifungua ekseli akarudisha habu pande zisizo zake, nati inajifungua yenyewe ukiwa njiani. Limeshatokea kwa watu, na ukaguzi wa nusu dakika ungelikamata.

Kuna kitu sikielewi kwetu. Tunakubali ukali kwenye uendeshaji. Marekani kuna vyama vya mbio za magari ya zamani vinavyofuata kanuni ya 13/13, dereva aliyesababisha mgongano anafungiwa miezi 13, akirudi anakaa miezi 13 mingine kwenye uangalizi, na kila nikiitaja padoki watu wanapiga makofi, wanasema ndo inavyotakiwa, haya magari hayapatikani tena. Sawasawa. Ila dereva aliyemgusa mwenzie kwenye kona na dereva aliyemwaga oili njia nzima kwa sababu boliti ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, haikufungwa waya wa kuizuia isilegee, wa pili ndo anaweza kuwatoa njiani watu watano. Wa kwanza tunataka afungiwe, wa pili tunampa pole na soda. Kwa nini?

Haya, nikubali yanayokubalika. Wapo wakaguzi wanaoshikilia kibandiko cha helmeti kimekaa upande gani huku hawajainama kutazama chini ya gari, hao wananikera na mimi. Na kanuni kubadilika kutoka mashindano mpaka mashindano kunachosha, leo springi mbili za kufunga kabureta ukiachia pedali ni lazima, kesho hakuna anayeuliza, wakati kabureta mbili za SU zikiganda wazi ukiwa unaikaribia kona hakuna kanuni itakayokusaidia. Hilo waandaaji walirekebishe. Na wale wanaoficha vyuma vya kisasa ndani ya injini ya 1962 halafu wanachukua kombe, hiyo nayo ni mada, nitaiandika siku yake.

Lakini ya TR3 siyo kibandiko. Yule bwana mwenyewe nilimkuta jioni amekaa juu ya boksi la spana, amekasirika, na gari bado haijafunguliwa. Nilimwambia nitakuja na puli ya kuvulia habu, maana ile haitoki kwa nyundo, ukiigonga nyundo unaharibu ncha ya shafti na hapo ndo umeutengeneza ufa wewe mwenyewe. Alikataa, akasema atabadilisha beringi tu aende nayo mbio zijazo. Ndugu yangu, kama unasoma hapa, puli bado iko kwenye gari yangu, dawa nyekundu ninayo, na ikionekana shafti ni nzima nitasimama mbele ya mkaguzi nikusemee mimi. Ikionekana ina ufa, siku hizi zipo shafti mpya za chuma kigumu zenye habu zake, zilizotengenezwa kwa ajili ya TR za mbio, bei yake inauma lakini watu wanazifunga na zinadumu. Wengine mnaokuja mbio zijazo, fikeni kwenye foleni ya ukaguzi boneti iko wazi, kifuniko cha mafuta ya breki kimefutwa, rimu zimeoshwa spoki zionekane, na jeki mkononi.