Huduma za REST katika kiunzi cha wavuti: kipi kiingie ndani, kipi kibaki nje

Tuchukue karani wa kituo cha karafuu huko Konde, Pemba, anayepima gunia na kutuma uzito wake kwa simu hadi kwenye seva iliyopo Unguja, kisha mtandao ukakatika kabla ya jibu kurudi. Je, atume tena? Akitumia POST, amri ya wavuti ambayo kwa kawaida huunda rekodi mpya kila inapotumwa, mkulima huenda akaandikiwa magunia mawili. Akitumia PUT, amri inayoweka rekodi kwenye anwani iliyotajwa, na rekodi imeshapewa namba yake humo humo simuni, hata akirudia mara kumi itabaki rekodi moja.

Mfano huo ndio unaonizuia kuunga mkono moja kwa moja upande wowote kati ya wanaotaka kiunzi cha programu za wavuti (framework, yaani msingi ulio tayari wa kujengea programu) kijengewe huduma za data za REST, mtindo wa programu kubadilishana data kupitia anwani na amri za wavuti, na wanaotaka kazi hiyo iachiwe vifurushi vya pembeni.

Wa kwanza wana hoja nzito. REST, aliyoieleza Roy Fielding katika tasnifu yake ya mwaka 2000, inazitumia amri za HTTP (kanuni za mawasiliano ya wavuti), kama POST na PUT, kwa maana zake zenyewe, na Rails, kiunzi cha lugha ya Ruby, ilipoipokea katika toleo la 1.2, mwaka 2007, watengenezaji walipata mpangilio mmoja wa anwani badala ya kila mtu kubuni wake. (Ajabu ni kwamba fomu za HTML hadi leo haziwezi kutuma PUT, hivyo Rails huificha amri hiyo ndani ya POST.)

Wa pili wanahofia urahisi uliopitiliza, nao hawahofii bure. Mwaka 2012 mtu mmoja aliweza kujiongezea ufunguo wake wa kuingilia kwenye mradi wa Rails ulioko GitHub, tovuti ya kuhifadhi misimbo ya programu, kwa sababu programu ya tovuti hiyo ilipokea kila sehemu iliyotumwa bila kuichuja. Kwa karafuu, hiyo ni sawa na seva kukubali bei iliyoandikwa na simu ya karani.

Laravel 11, toleo la mwaka 2024 la kiunzi cha lugha ya PHP, haiji tena na faili la njia za API, yaani anwani ambazo programu nyingine huzitumia kuomba data. Anayelihitaji huliongeza kwa amri moja. Naona ni busara, ila kwangu mpaka ungepita kwingine: kugeuza majedwali ya hifadhidata kuwa huduma za REST kubaki nje, na kinga dhidi ya ombi lililorudiwa kuwa ndani, kwani mtengenezaji huikumbuka pale tu hesabu za kituo zinapokataa kulingana na magunia yaliyomo ghalani.