Mtuhumiwa Asiye na Wakili

Kuna siku huwa najiuliza yule tumbili wa Gitaru yuko wapi siku hizi. Wakenya watamkumbuka. Tarehe 7 Juni 2016, kwenye saa tano na nusu asubuhi, alipanda paa la kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, mto Tana, akaangukia transfoma. Nchi nzima ikazimika kwa saa kadhaa. Kampuni ya KenGen, yenye kituo hicho, ikatoa taarifa rasmi pamoja na picha ya mhusika, na dunia ikapata kicheko cha wiki. Tumbili mwenyewe alitoka mzima, akakabidhiwa kwa Shirika la Wanyamapori la Kenya. Hakuhojiwa.

Kicheko kile nami nilikicheka, na sikijutii. Ila kuna kitu kwenye habari za namna hii kinachonikera, na kadiri zinavyoongezeka ndivyo ninavyozidi kukiona: mnyama akishatajwa, maswali yanakoma. Mhariri anaridhika kwa sababu kichwa cha habari kimejiandika chenyewe. Sisi wasomaji tunatuma kwenye makundi ya WhatsApp na vikaragosi vya kulia kwa kicheko. Na yule ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha tumbili hafiki pale anakunywa chai yake kwa amani.

Hebu tuirudie ile ya Gitaru taratibu. Tumbili aliangusha transfoma moja. Ilipopata hitilafu ilijizima, na hapo haina kosa, ndivyo ilivyotengenezwa. Mzigo wake ukahamia kwenye mitambo mingine ya hapohapo, ikazidiwa, nayo ikajizima. Zikapotea megawati 180 na ushei kwa mkupuo, kwenye nchi ambayo matumizi yake ya juu kabisa wakati ule yalikuwa megawati elfu moja mia tano na kitu. Gridi, yaani mtandao wa umeme wa nchi nzima, ni kitu chenye wivu: inataka umeme unaozalishwa na unaotumika viende sawa kila sekunde. Pengo likiwa kubwa ghafla, mapigo ya umeme, ambayo kwetu huku ni 50 kwa sekunde, yanashuka, na vituo vingine navyo vinajitoa kimoja baada ya kingine ili visiungue. Ndiyo maana wahandisi wa umeme popote duniani wana kanuni kwamba gridi ijengwe na iendeshwe kiasi kwamba ikipoteza kwa ghafla kifaa chake kimoja, hata kile kikubwa, iendelee kusimama. Tumbili alifanya kosa la kituo kimoja. Kosa la nchi nzima lina wenyewe.

Halafu ile taarifa ya kampuni ilikuwa na sentensi moja niipendayo sana. Ilieleza kuwa mitambo yao imezungushiwa uzio wa umeme unaozuia wanyamapori. Basi tumbili huyo alikuwa mwanasarakasi, au uzio ulikuwa na lake. Kampuni ilisema inajutia tukio hilo na kwamba inatafuta namna ya kuimarisha ulinzi, na sisi tukawa tumeshahamia kwenye vichekesho vingine.

Agosti 2023 Kenya ilizimika tena, mpaka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukawa giza na abiria wakamulikiana kwa simu. Safari hiyo hapakuwa na tumbili. Ikabidi binadamu walaumiane wenyewe kwa wenyewe: Kenya Power, wasambazaji wa umeme, ikataja mitambo ya upepo ya Turkana, wenye mitambo ya upepo wakasema tatizo lilianzia kwenye gridi. Ulikuwa mjadala wa kuchosha, wenye istilahi ngumu, na haukupata hata robo ya umaarufu wa tumbili. Lakini ulikuwa mjadala. Watu waliitwa, waziri alibanwa, jenereta za uwanja wa ndege ziliulizwa kwa nini hazikuwaka.

Tumbili wa pili wa kitaifa alitokea Sri Lanka, Jumapili ya tarehe 9 Februari 2025, kwenye kituo cha Panadura kusini mwa Colombo. Naye kwenye saa tano hivi za asubuhi, utadhani wana ratiba. Watu milioni 22 wakakosa umeme. Waziri wa nishati akawaeleza wananchi kuwa tumbili amegusa transfoma ya gridi na kuvuruga uwiano wa mfumo. Kwa siku zilizofuata ukaja mgao, kwa sababu kituo kikubwa cha makaa ya mawe cha Norochcholai nacho kilijizima kwenye mtikisiko uleule na hakikuweza kurudi upesi. Magazeti ya huko yakafukua kuwa wahandisi walikuwa wamelia kwa miaka kwamba gridi ni dhaifu. Sasa hilo ndilo la kuandikwa kwa herufi kubwa. Likaenda ukurasa wa ndani.

Sisemi wanyama wanasingiziwa. Mtaani kwetu kuna transfoma imekaa juu ya nguzo mbili, nayo kunguru wa Dar es Salaam wameifanya kiwanja. Kunguru hawa hawajengi kwa vijiti peke yake; wanaokota vipande vya waya, vibanio vya nguo, hata hanga la shati lililopinda. Siku hanga linapogusa pasipotakiwa, unasikia mlio mmoja, puu!, halafu kimya, halafu feni inapunguza mwendo taratibu mpaka inasimama. Majirani wanatoka nje na kutazama juu. Fundi anakuja na gari lenye ngazi, anashusha kunguru mmoja aliyekauka kama dagaa, anabadilisha fyuzi, anaondoka. Mama anayeuza vitumbua chini ya nguzo aliwahi kumuuliza, "Mwanangu, hilo tundu si ungelitoa kabisa?" Kijana akajibu kwa adabu zote: "Mama yangu, nimetumwa fyuzi tu." Tundu liko palepale mpaka leo, na lina vifaranga.

Hata wenye akili nyingi na hela nyingi yanawakuta. Mwishoni mwa Aprili 2016, wiki chache kabla ya tumbili wetu, mnyama mdogo jamii ya kicheche aliingia kwenye transfoma ya maabara ya fizikia ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, akasimamisha mashine kubwa kuliko zote duniani za kugonganisha chembe. Novemba mwaka huohuo akaja mwingine. Huyo wa pili alikaushwa na sasa yuko kwenye jumba la makumbusho ya viumbe la Rotterdam. Tofauti ni kwamba aliyetaka kujua zaidi alielezwa nini kiliungua, umeme wa kilovolti 66 uliingiaje, na marekebisho yatachukua siku ngapi. Kicheche alikuwa mwanzo wa maelezo, hakuwa mwisho wake.

Tukitoka kwenye umeme tukaingia kwenye fedha na vielelezo vya polisi, hapo ndipo mnyama anapopewa kesi ambayo hata mtoto angeikataa. Februari 2018, Nigeria, iliripotiwa kuwa karani wa bodi ya mitihani ya kuingia vyuo vikuu, ofisi ya Makurdi, aliwaambia wakaguzi kuwa nyoka ameingia kwa mambo ya kishirikina kwenye sefu na kumeza naira milioni 36. Tume ya kupambana na rushwa, EFCC, ambayo nembo yake ni tai, ikajibu Twitter kuwa tai hana huruma na nyoka wanaomeza fedha. Mwezi huohuo seneta mmoja akasimulia jinsi manyani walivyobeba naira milioni 70 kutoka shambani kwa seneta mwenzake. Nyani na noti, jamani. Anakwenda kununua nini?

India nako panya hawana hali. Mwaka 2017 polisi wa jimbo la Bihar, ambako pombe ilipigwa marufuku mwaka mmoja kabla, walisema sehemu ya lita laki tisa na zaidi za pombe iliyokamatwa imenywewa na panya. Mwaka 2022, huko Mathura, mahakama ilipodai kilo mia tano na zaidi za bangi kama ushahidi, polisi wakasema panya wameila. Ikaandikwa kwenye nyaraka za mahakama kuwa panya ni wadogo na hawaogopi polisi. Nakiri utetezi huo una ukweli ndani yake, ila hakimu hakuumeza. Aliwataka waje na uthibitisho.

Niwape haki yao Waajentina, maana wao walifanya jambo rahisi ambalo wengine hawakulifikiria. Mwaka 2018 kilo 540 za bangi zilikosekana kwenye ghala la polisi la Pilar, nje kidogo ya Buenos Aires. Maafisa wakasema panya. Basi wakaulizwa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Buenos Aires. Nao wakajibu kuwa panya hawezi kudhani bangi ni chakula, na kwamba kama kundi kubwa la panya lingekula kiasi hicho, mizoga mingi ingekutwa humohumo ghalani. Mizoga haikuwepo. Maafisa wanane wakapoteza kazi. Kilichohitajika ni mtu mmoja tu wa kuuliza: hao panya wako wapi?

Wazungu wa zamani tunawacheka kwa sababu walikuwa wakishitaki wanyama mahakamani. Mwaka 1386 huko Falaise, Ufaransa, nguruwe jike aliyeua mtoto alinyongwa hadharani. Lakini angalau walikuwa na utaratibu. Mwanzoni mwa karne ya 16, panya wa Autun waliposhitakiwa kwa kula shayiri ya wakulima, walipewa wakili, kijana aitwaye Barthélemy de Chasseneuz. Inasimuliwa kuwa alisimama akasema wateja wake wametawanyika vijijini, hivyo wito mmoja hautoshi. Ulipotangazwa upya na bado hawakutokea, akasema safari ni ya hatari kwao kwa sababu barabara zote zina paka, na sheria haimlazimishi mtu kufika mahakamani kwa kuhatarisha maisha yake. Baadaye alipanda mpaka kuwa jaji mkubwa wa Provence. Tumbili wa Gitaru alistahili mtu wa aina hiyo. Angeanza na uzio.

Nyumbani Tanzania tulikwenda mbali zaidi, tukaliingiza tunda. Tarehe 3 Mei 2020, akiwa Chato kumwapisha waziri wa sheria, Rais Magufuli alieleza kuwa sampuli za mbuzi, kware, fenesi na papai zilipelekwa maabara ya taifa kwa siri, zikiwa zimepewa majina na umri kama wa binadamu. Mbuzi na papai vikakutwa na korona. Hapa papai halikuwa mtuhumiwa, lilikuwa shahidi wa upande wa mashtaka, na mtuhumiwa alikuwa maabara. Kesho yake mkurugenzi wa maabara akasimamishwa kazi. Mkuu wa wakati huo wa Africa CDC, taasisi ya Umoja wa Afrika ya kudhibiti magonjwa, John Nkengasong, akasema wazi kuwa hakubaliani na madai hayo kuhusu vipimo.

Nakumbuka jinsi tulivyolipokea. Kwa siku kadhaa nchi nzima ilikuwa ikichekea papai. Watu waliwatania wauza matunda sokoni: hili limepimwa? Na mzaha si kitu kibaya, hasa wakati wa hofu. Sisi bila mzaha tungekwishapasuka zamani. Lakini tazama kilichokuwa kikipita nyuma yake. Wazo la kuipima maabara kwa sampuli za siri lenyewe halina ubaya, maabara hupimwa hivyo dunia nzima. Ila hupimwa kwa sampuli ambazo majibu yake yanajulikana, kwa utaratibu ulioandikwa, na matokeo yanawekwa mezani wataalamu wengine wayachambue. Nani alichukua sampuli ya papai, kwa kijiti gani, ilihifadhiwaje, ilipimwa mara ngapi? Hayo ndiyo yangetuambia kama maabara ilikuwa na kasoro au la. Ni maswali ya kuchosha, hayana kichekesho, na sokoni hakuna aliyeyauliza.

Takwimu za korona Tanzania zikasimama kwenye wagonjwa 509 mwezi huohuo wa Mei, zikakaa hapohapo kwa zaidi ya mwaka. Kwa muda wote huo, ukihesabu waliotajwa hadharani na mkuu wa nchi, papai na mbuzi walikuwa miongoni mwa wagonjwa wetu wa mwisho kutangazwa.