Siku niliyowaletea watu wa Manzese muvi ya nyani

Wakuu, kijiweni kwetu Manzese nilikuwa naitwa Profesa, na sio kwa ajili ya shule, shule niliishia pale pale mlipoishia nyie, ni kwa ajili ya muvi. Nani kaigiza, mwaka gani, steringi kafa au kapona, unakuja pale kwenye benchi la kahawa unaniuliza. Sa jioni moja ukazuka ubishi wa mashine gani kwenye muvi ni hatari kuliko zote. Dogo wa bodaboda akasema Terminator ya 1984, ile Arnold Schwarzenegger anakuja kuua tu na wala haongei sana. Fundi cherehani akadakia we hujui kitu, kiboko ni lile jamaa la part two ya 1991, la chuma cha majimaji, unalitandika shotigani linajiziba lenyewe kama uji ukitoa mwiko. Wote wakageuka kwangu.

Nikaweka kikombe chini taratibu. Nikawaambia nyie bado watoto, mashine ni HAL, kompyuta ya kwenye muvi ya 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick, imetoka 1968, kabla hata binadamu hajakanyaga mwezini. Haina mikono haina miguu, ni jicho jekundu tu ukutani na sauti ya upole kama daktari anayetaka kukupa majibu mabaya, na ndo inaendesha chombo kizima cha anga. Wanaanga wawili wakajifungia kwenye kijichombo kidogo isiwasikie, wapange namna ya kuizima, yenyewe ikawasoma midomo kupitia kioo. Kijiwe kizima kimya. Muuza kahawa akaniongezea kikombe cha bure na kashata juu.

Sasa hapa lazima niseme ukweli, hiyo muvi nilikuwa sijawahi kuiona. Niliangalia klipu moja ya YouTube ya dakika kumi nikiwa kwenye daladala, basi.

Kumbe mwenye banda umiza alikuwa kakaa pembeni anasikiliza yote. Akasema Profesa, Jumamosi hakuna mechi, ilete hiyo, kiingilio mia tano, ila watu wakidai hela zao unarudisha wewe. Nikamwambia weka elfu kabisa, utajaza. Tukabaki na mia tano, Mungu ni mwema. Nikaenda Kariakoo kuwekewa kwenye flashi, yule kijana akaniuliza mara mbili kaka una uhakika unataka hii, nikamuona mshamba.

Jumamosi ubao wa nje umeandikwa kwa chaki KOMPYUTA MUUAJI, watu kama sitini, watoto chini kwenye mkeka, dijei wa kutafsiri kashika maiki yake. Ikaanza.

Giza. Skrini nyeusi tii, na muziki unaolia kama nyuki wamekasirika kwenye mzinga. Dakika ya kwanza watu wametulia. Ya pili mwenye banda akainuka akaipiga TV kofi, mimi nikapiga kelele "zima uwashe!", tukazima tukawasha, giza tena, akachomoa waya akaupuliza akachomeka, giza. Kumbe ndo ilivyotengenezwa, karibu dakika tatu za mwanzo ni giza na muziki kwa makusudi. Mzee mmoja kule nyuma, wale walioangalia sinema Avalon na Empire mjini enzi za ujana wao, akauliza kwa upole, "Profesa, si ulisema umeiona?"

Nikajifanya sijasikia. Wakatokea nyani. Nyani wanakula majani, nyani wanajikuna, chui kamrukia nyani mmoja, nyani wamelala. Hakuna anayeongea! Mtu wa kwanza kufungua mdomo kwenye hiyo muvi ni kama dakika ya 25 huko. Dijei ananiangalia, hana cha kutafsiri, na mimi namfanyia ishara we tafsiri tu. Akakohoa.

"Wapenzi watazamaji, hawa mnaowaona ni watu wa Manzese, wale wa ng'ambo ni Tandale, na maji yamekatika wiki ya tatu leo."

Na kweli kwenye muvi kuna makundi mawili yanagombania dimbwi moja la maji, yani jamaa alipatia kama kaandika yeye. Banda likaamka. Likatokea lile bamba jeusi limesimama katikati yao, dijei akasema wameletewa tanki jipya la maji, wanalipapasa ila halitoi hata tone. Watu wanacheka mpaka machozi. Nyani mmoja akaokota mfupa akamtandika wa Tandale akafa palepale, Manzese tukashangilia kama goli la dakika ya tisini, mimi nimekaa kifua mbele. Yule nyani akaurusha mfupa juu, ukapaa, ukageuka chombo cha anga.

"Flashi imerukaaa!"

"Rudisha nyuma bwana, maji yalitoka?"

Nikasimama kueleza kwamba hapo imepita miaka mamilioni, nani anasikiliza. Chombo kinaelea polepole, muziki wa dansi la kizungu, mama mmoja anauliza hii harusi ya nani. Dijei akajikaza, akasema hili ni boza la maji linakwenda Tandale, dereva anatafuta pa kupaki. Alitafuta mda mrefu sana huyo dereva. Halafu wakaja wazungu wenye suti wanafanya kikao, na dijei Kiingereza chake ni cha kuombea maji, na siku hiyo maji yote alikuwa keshayaomba.

Nikaanza kurudisha mia tano mia tano pale mlangoni. Mfukoni nilikuwa na elfu kumi na nane, zilizobaki nikaacha simu.

HAL anatokea banda lina watu wanne, mmoja kalala. Nikasema potelea mbali, si nimeilipia yote, nikakaa mbele. Aisee ni tamu. Wale jamaa wamejifungia kwenye kijichombo, jicho jekundu linaangalia mdomo wa huyu, mdomo wa yule, nywele zimenisimama, pwaa, umeme umekata. Luku imeisha.

Mwenye banda kwenye giza, "Profesa, una elfu mbili hapo?"

Jumatatu nafika kijiweni, anayeitwa Profesa sasa ni dijei. Mimi naitwa Boza. Dogo wa bodaboda akanisogelea, kakunja uso kabisa, sio utani.

"Eti Boza, Tandale walipata maji?"

Nikamwambia sijui mdogo wangu, luku iliisha.